Mmesikia Nini?

Kompyuta ilimwambia Shadya asubiri. Ilimwambia hivyo kila Jumatatu tangu aanze kufanyia kazi nyumbani: maandishi madogo katikati ya kioo cheusi yakimwomba avumilie, kwamba mwenyeji wa kikao atamfungulia. Mwenyeji alikuwa Gerson. Shadya alikuwa amekaa naye meza za jirani kwa miaka, na hakuwahi kumwona akichelewa kubonyeza kitu chochote.

Alikuwa kitandani, ameegemea mito, kompyuta juu ya kimeza ambacho fundi alikikata miguu ili kimkae mapajani. Juu alivaa gauni la kazini na hijabu iliyopigwa pasi. Chini, ambako kamera haikufika, alijifunga kanga. Mimba mbili zilikuwa zimeshaharibika, na kwa hii ya tatu daktari hakuzunguka: ukiitaka, lala, usipande pikipiki, usipande ngazi. Kutoka nyumbani kwao Singe hadi ofisini ilikuwa pikipiki, na ofisi yenyewe ilikuwa ghorofani, karibu na stendi. Shirika lao la kuwasaidia wakulima wa mbaazi lilikuwa limeanza kuruhusu watu wafanyie kazi nyumbani, ikabaki kumwekea mtandao.

Alipofunguliwa, kikao kilikuwa kimekwisha kuanza. Kwenye kioo kilitokea kisanduku kimoja kilichoandikwa Chumba cha Mikutano Babati, na ndani yake watu sita wameizunguka meza ndefu, vichwa vyao vidogo hata akawa anawatambua kwa nguo. Kamera ilitundikwa juu ya runinga kubwa mwisho wa chumba. Gerson alikaa karibu nayo kuliko wote, rimoti mbele yake. Wale sita walitazamana uso kwa uso. Yeye alikuwa picha ukutani.

"Shadya, uko peke yako?" aliuliza Bwana Heriel, mkuu wa ofisi. "Juzi tulisikia jogoo."

Walicheka. Shadya alichomeka vizuri visikizio masikioni.

"Niko peke yangu. Mlango nimefunga."

Akatoa taarifa yake. Alisema wanavikundi wa Bonga wamekubali kuuza mbaazi zao kwa pamoja, ila wanataka mizani yao wenyewe, hawaiamini ya mnunuzi. Alisema mengine pia. Hakuna aliyeinua kichwa. Alipomaliza, Heriel aliangalia karatasi zake, kisha akamgeukia Gerson. "Haya, naona Shadya leo hana neno. Gerson, huko Bonga kukoje?"

"Bwana Heriel, samahani," Shadya alidakia, "Bonga ni vikundi vyangu. Nimeshaeleza."

Gerson alikuwa ameanza kuongea. Wanataka mizani yao wenyewe, alisema, hawaiamini ya mnunuzi. Yalikuwa maneno ambayo Shadya mwenyewe alimwandikia siku ya Ijumaa, ili amsaidie kuyachapa.

Kikao kilipokwisha, Shadya alimpigia Gerson simu. Upande wa pili wa mlango, mama mkwe wake, Bi Mwamvita, alikuwa amekaa kwenye mkeka akichagua mchele. Mkono wake ulisimama juu ya ungo.

"Gerson, mbona unanifanyia hivi?" sauti ya mkwewe ilikuja, ya chini, yenye machozi. "Hapana, nisikilize. Mimi nimekukosea nini? Kila siku unaniacha nje nakusubiri... Sasa unataka nifikirie nini?"

Bi Mwamvita hakusikia jibu. Lilikuwa hili: "Dada Shadya, ni mtandao wako huo. Huku sauti yako inakatikakatika. Nunua bando la maana."

*

Mujahid aliporudi kutoka dukani, mama yake alimwita uani kabla hajavua viatu. Mujahid aliuza vipuri vya pikipiki katika kibanda cha kupanga mjini. Siku hizo wateja walikuwa wachache, na kodi ya nyumba ilitoka kwenye mshahara wa mkewe. Hakupenda kulisema hilo, na hakupenda lisemwe.

"Mwanangu, mimi sitaki kuvunja nyumba ya mtu," alianza Bi Mwamvita.

"Mama, sema tu."

"Mtu mgonjwa analala. Huyu hajalala. Asubuhi anaoga, anapaka wanja, anavaa hijabu nzuri, anapanda kitandani. Anafunga mlango. Halafu namsikia, 'Niko peke yangu.' Anamwambia nani yuko peke yake?"

"Ni kazini kwao. Wana kikao."

"Kikao cha kazi mtu analia? Leo amelia. Anamwita Gerson. 'Nimekukosea nini, unaniacha nje nakusubiri.' Nimesikia kwa masikio yangu haya. Wallahi sijaongeza neno."

Mujahid alivua kiatu kimoja akabaki nacho mkononi. Angeweza kucheka. Lakini mama yake hakuwa mtu wa kubuni, na maneno yale hayakuwa ya mtu wa kazini.

Walipokuwa wanakula, aliuliza huku anamega ugali, "Gerson ni nani?"

Shadya alishtuka, na Mujahid aliona.

"Wa kazini. Kwa nini?"

"Nimesikia jina tu. Mnaelewana?"

Hapo ndipo Shadya angemwambia. Angemwambia kwamba anaongea na hasikiki, kwamba anaogopa kazi inamponyoka akiwa amelala kitandani. Lakini alijua atakachojibiwa: basi acha, kazi gani hiyo. Na akiacha, watalipa kodi na nini? Akaona amwache apumue.

"Tunaelewana vizuri tu," alisema. "Hatuna tatizo."

Mujahid alitafuna polepole. Mke ambaye mchana alimlilia mtu kwa simu, jioni alisema hawana tatizo. Alinawa mikono kabla hajashiba.

*

Siku iliyofuata Kindness, dada wa mapokezi ambaye pia aliandika mihtasari ya vikao, alimpigia Shadya akiwa chooni kazini. Shadya alijua kwa sababu ya maji yaliyokuwa yanachuruzika nyuma ya sauti yake.

"Dada, sikukupigia mimi, sawa? Mradi unapunguzwa. Wasimamizi wa vikundi mko wawili, wewe na Gerson. Anabaki mmoja. Jumatatu Mama Genoveva wa makao makuu anaingia kikaoni kutoka Arusha, awasikilize."

"Na Heriel anasemaje?"

"Anasema huchangii. Kwamba tangu uende nyumbani hujasema kitu cha maana."

"Kindness, naongea kila wiki! Wewe si unakuwepo? Si unaandika?"

Maji yaliendelea kuchuruzika.

"Mimi naandika ninachosikia, dada."

"Kwa hiyo hunisikii?"

"Sijui, dada Shadya. Mimi mkataba wangu ni wa miezi. Usiniulize mimi." Akakata.

Shadya alikaa na simu mkononi. Alinunua bando kubwa kuliko yote. Alimpigia dada yake Anifa aliyekuwa Bonga, wakajaribu kuonana kwa video, na Anifa akasema anamsikia mpaka anavyomeza mate. Basi si mtandao. Alianza kuwaza kila uso wa chumba kile, nani anajua, nani anacheka wakitoka. Aliwaza hata Kindness, kama simu ile ilikuwa ya huruma au alitumwa kumtisha.

Mujahid naye alikuwa anawaza. Alirudi nyumbani saa ambazo si zake, akisema amesahau hiki au kile. Aliichukua simu ya mkewe alipokwenda kuoga, akakuta jina la Gerson mara nyingi, na jina la Kindness akalitilia shaka vilevile, kwamba huenda ni mwanamume amefichwa kwa jina la kike. Shadya alipotoka bafuni alikuta simu imegeuzwa kifudifudi, yeye hakuiacha hivyo. Usiku huo walilala kila mmoja akiutazama ukuta wake.

*

Jumatatu, Bi Mwamvita alimpigia mwanawe dukani. "Amejifungia tena. Leo amevaa ile hijabu mpya."

Ndani, Shadya aliona visanduku viwili. Kimoja kilikuwa chumba cha mikutano na watu wake sita. Kingine kilimwonyesha Mama Genoveva peke yake, mezani kwake Arusha, miwani puani, uso mkubwa na wa karibu kama wa mtu aliyekaa ukingoni mwa kitanda.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole na kuumwa. Nakusikia vizuri kabisa. Haya, nieleze vikundi vyako."

Shadya alieleza. Alieleza mizani ya Bonga, akaeleza wanawake wa Singe waliokataa kuchukua mbegu za mkopo, na sababu yao. Aliona Mama Genoveva akiandika. Aliona pia, katika kisanduku cha pili, Heriel akijikuna sikio na mtu mmoja akimenya karanga. Alikuwa katikati ya sentensi pale mlango uliposukumwa mara moja, mara mbili, na komeo likang'oka na misumari yake.

Mujahid hakutoa salamu. Alitazama nyuma ya mlango, akatazama pembeni mwa kabati.

"Yuko wapi?"

"Nani? Mujahid, niko kwenye..."

"Huyo Gerson wako! Unayemlilia akufungulie! Unajipamba ukiwa kitandani kwangu, unamwambia uko peke yako! Mimi niko dukani nachekwa, sijui kama hata hiyo mimba ni yangu!"

Alilisema kwa sauti iliyofika kwa majirani. Bi Mwamvita, nyuma yake, alijishika mdomo.

Shadya hakuweza kumtazama mumewe. Alitazama kioo, kwa sababu aibu yake ilikuwa huko. Wamesikia wote, aliwaza, nimekwisha. Lakini katika chumba cha mikutano hakuna aliyegeuka. Heriel aliendelea kufunua karatasi. Gerson alikunywa maji. Yule wa karanga alikuwa anapuliza maganda. Mwanamume alikuwa amevunja mlango na kupiga kelele, na watu sita hawakuinua vichwa.

Katika kisanduku cha Arusha, Mama Genoveva alikuwa amevua miwani.

"Shadya. Uko salama?"

Shadya alichomoa waya wa visikizio, na sauti ya yule mama ikajaa chumbani. Mujahid alirudi nyuma hatua moja.

"Niko salama, Mama. Ni mume wangu."

Mama Genoveva alirudisha miwani puani. Kisha aliita, "Heriel." Hakujibiwa. "Heriel!" Hakujibiwa. Kindness, pembeni mwa Gerson, ndiye aliyeona midomo ya yule mama ikicheza kwenye runinga. Alimgusa Gerson. Gerson akanyakua rimoti.

"Naam, Mama, tunakusikia," alisema Heriel, akikaa vizuri.

"Mmemsikia Shadya?"

"Tumemsikia, Mama. Ila ni kama nilivyokueleza, mchango wake umekuwa mdogo."

"Alipomaliza, kilitokea nini?"

Heriel alimtazama Gerson. "Alinyamaza."

"Gerson?"

"Mtandao wake ulikatika kidogo, Mama. Lakini tulimwelewa."

"Mmesikia nini?"

Mtu wa karanga alizifunika kwa kiganja.

"Mimi niko Arusha na nimesikia kila kitu," alisema Mama Genoveva. "Tena nilichosikia, mtu yeyote mwenye masikio angeruka kwenye kiti chake. Shadya, si langu kulisema. Ukitaka tuliache, tutaliacha."

Shadya alielewa. Akinyamaza, itabaki ni mtandao, na kazi atapewa Gerson. Akisema, kila mtu wa ofisi ile atajua mume wake amemwambia nini juu ya mimba yake, na watakaojua watawaambia wa stendi. Alifungua mdomo. Machozi yalidondokea kwenye kibodi, akayafuta kwa kidole gumba.

Mujahid alikuwa amekaribia. Aliiona sasa meza ndefu na watu wake wadogo, na karatasi zao, na chupa zao za maji.

"Gerson ni yupi?" aliuliza polepole.

"Huyo mwenye rimoti."

Alimtazama. Kijitu kilichovaa sweta, jasho usoni, kinaogopa kitu ambacho Mujahid hakukijua. Hakuwa mwanamume wa kuliliwa na mtu. Alikuwa mtu wa ofisini.

"Ndiye anayekuacha nje?"

"Nje ya kikao. Hanifungulii. Na nikiongea hawanisikii."

"Kwa nini hukuniambia?"

Mujahid alipiga magoti kando ya kitanda, uso wake ukaingia kwenye kamera ukiwa mkubwa na wa kijivu.

"Shikamoo, Mama. Mimi ndiye mume wake. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Nimevunja mlango, nikamwambia ana mwanamume. Nikasema mimba sijui kama ni yangu."

"Marahaba, baba," alisema Mama Genoveva.

Katika chumba cha mikutano Heriel alikunja uso, akaegemea mbele. "Samahani, Mama, hatukusikia. Nani alikuwa anaongea?"

Kindness alisimama. Alimtazama Heriel tu, hakutazama kamera.

"Ameshusha tena, bosi. Gerson. Angalia mkono wake. Kila kisanduku cha Shadya kikianza kuongea anashusha sauti. Anasema ina mwangwi. Nimeona wiki zote."

Kila mtu alitazama mkono. Kidole cha Gerson kilikuwa bado juu ya rimoti, na Gerson mwenyewe alikitazama kama vile kilikuwa cha mtu mwingine.

"Kweli kuna mwangwi," alisema, akiipandisha sauti upesi. "Hii mashine..."

"Weka chini hiyo rimoti," alisema Mama Genoveva. "Kindness, ishike wewe. Baba, nakuomba radhi. Unaweza kurudia?"

Mujahid alikuwa bado amepiga magoti. Mara ya kwanza maneno yalimtoka kwa sababu ya moto wa jambo. Sasa ilibidi ayaokote moja moja. Aliona vichwa sita vimeinuka, vyote vinamtazama.

"Nilisema nimemtuhumu mke wangu uongo," alisema. "Basi. Samahanini, wakubwa."

Aliinuka akatoka. Mama yake alimpisha.

*

Kiti cha usimamizi kilibaki kwa Shadya. Gerson alihamishiwa ghalani, na Heriel hakumpigia Shadya simu hata moja ambayo haikuwa ya lazima, maana machoni pake Shadya ndiye aliyeiaibisha ofisi mbele ya Arusha. Kutoka Arusha kulikuja agizo kwamba chumba cha mikutano kifungwe mpaka vyombo vyake vikaguliwe, na kila mtu, hata aliyeko ofisini, aingie kikaoni kwa kompyuta ya mezani kwake. Jumatatu iliyofuata Shadya aliwaona wote kwa mara ya kwanza, kila mmoja katika kisanduku chake, nyuso kubwa, wengine wasiojua kamera iko wapi. Heriel alikuwa anaongea bila sauti na hakuna aliyemwambia upesi.

Maneno yalifika stendi kabla ya wiki kwisha. Mteja mmoja alinunua mnyororo wa pikipiki kwa Mujahid, akauliza kwa uso mkavu kama mtoto ameshajulikana. Mujahid alimrudishia pesa na kuuchukua mnyororo wake. Bi Mwamvita hakusema alikosea. Alipika uji wa ulezi, akauweka mezani, na Shadya akaunywa, kwa kuwa mtoto alihitaji uji. Lakini alianza kusikia nyayo za mama yule kila zilipokaribia mlango, na zikisimama, naye alisimamisha sentensi. Mlangoni Mujahid alikuwa amepiga komeo jipya, kubwa, la chuma. Halikumsaidia.

Baada ya swala ya Ijumaa Shadya alimwambia mumewe, "Nakwenda kwa Anifa, Bonga. Mpaka nijifungue."

"Daktari alisema usisafiri."

"Nimemuuliza. Kwa gari, polepole, mara moja."

Mujahid alikaa kwenye kiti cha plastiki. "Lakini nimeshaomba radhi. Mbele ya watu wote."

"Uliwaomba wao."

Nje mama yake alikuwa anafagia mahali palipokwisha kufagiwa.

"Uliposema lile neno la mimba," alisema Shadya, "hukuwa na hasira ya siku moja. Ulikuwa nalo. Nilipolala hapo na damu ile mara ya pili, ulinishika mkono mpaka asubuhi. Nilidhani unajua ni mtoto wa nani tunayemsubiri."

"Najua."

"Sasa unajua. Ulihitaji kwanza umwone Gerson kwenye kioo."

Mujahid aliinamisha kichwa. Akasema kwa sauti ndogo, "Nisamehe, Shadya." Hakukuwa na mtu mwingine wa kusikia.

Shadya alitingisha kichwa, si kwa kukataa, si kwa kukubali. Alikuwa amechoka. Alimwomba amshushie begi.

Mujahid aliazima gari dogo la mwenye duka la jirani, akaliendesha hadi Bonga taratibu, akikwepa kila shimo, magari ya Dodoma yakimpita na kumpigia honi. Mkewe alilala kiti cha nyuma, mkono tumboni. Walipofika, Anifa alitoka akamsalimu Mujahid kwa adabu ya mtu aliyeambiwa kila kitu. Mujahid alibeba begi, akabeba kompyuta, akabeba kimeza, akavipanga vyote katika chumba kidogo cha uani alichoonyeshwa. Alijaribu dirisha. Alijaribu swichi. Hakukuwa tena na la kufanya.

"Nikija kukuona," aliuliza akiwa nje ya kizingiti, "utanipokea?"

Shadya alikuwa amekwisha kukaa kitandani, anatafuta mahali mtandao unashika.

"Njoo," alisema. "Ila ubishe hodi, na usubiri nikujibu."